Gari Lililokaidi Asubuhi Tu

Baba yangu aligonga ua wa kanisa Jumapili asubuhi, mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri kengele ya pili, na kabla vumbi halijatulia Ruiru nzima ilikuwa imeshaamua kwamba amelewa. Siwalaumu sana. Umesimama pale na Biblia yako kwapani, unaona gari linakuja polepole, linakaribia geti, halafu badala ya kusimama linanguruma na kuruka kama ndama aliyekata kamba, linang'oa nguzo na kujitupa ndani ya michongoma. Utasema nini? Utasema dereva amekunywa. Hata mimi ningesema hivyo, kama dereva angekuwa mtu mwingine.

Lakini alikuwa yeye, na mimi nilikuwa nyuma yake ndani ya gari hilo hilo pamoja na wadogo zangu. Nilimsikia akipiga kelele, "Nimetoa mguu! Nimetoa mguu!" Alizima swichi, injini ikakata, tukashuka mmoja mmoja tukichomoana miiba. Mama, aliyekuwa ameketi mbele na mtoto mchanga mapajani, alishuka wa mwisho. Alimtikisa mtoto aone kama yu mzima, akaingia kanisani, na sisi tukamfuata.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Vizuizi vya askari barabarani vilikuwa vimepungua, na mtu mweusi mwenye gari aliangaliwa na kila jicho, mengine ya fahari na mengine ya kijicho. Gari letu lilikuwa boksibodi. Mbele lilikuwa gari kama magari mengine. Nyuma seremala alikuwa amelijengea sanduku la mbao lenye mabenchi mawili na madirisha ya turubai. Siku za kazi lilibeba viazi na ndizi za duka letu, na Jumapili tulilifagia tukapanda sisi. Baba alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa akirudi kwao, na alilipenda kuliko alivyokubali kusema.

Sasa, jambo la pombe lilimuuma kwa sababu lilikuwa na mizizi. Ujanani mwake baba alikunywa muratina, pombe yetu ya asali, kweli kweli, hadi watu wakawa wanamwokota mashambani. Alipobatizwa akaacha, na tangu hapo hakuonja tena. Kanisa likamwona, likamfanya mzee wa kanisa, mmoja wa wale wanaobeba sahani ya mkate siku ya Meza ya Bwana. Ukimwuliza baba yeye ni nani, hangekwambia ni mwenye duka wala mwenye gari. Angekwambia yeye ndiye anayebeba sahani ile.

Wazee wenzake walikutana naye baada ya ibada, pale pale kando ya nguzo iliyolala. Mwenyekiti wao, mtu mpole mwenye kikohozi, alimwambia asibebe sahani kwanza. Wangekaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulizungumza. Wakiona ni pombe, atavuliwa uzee na kutengwa na Meza.

"Ni gari," baba akasema. "Nilitoa mguu, ikaendelea kukimbia."

"Basi ipelekwe kwa fundi," mwenyekiti akasema. "Mimi nitaenda na wewe, nione na macho yangu."

Walienda Jumatano, na mimi nikapanda nyuma kwa sababu nilitaka nyuzi za cherehani kutoka Thika. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nashona nguo kwenye baraza la duka la baba, na sikuwa na ruhusa ya kusema mbele ya wazee lakini ya kusikiliza hakuna aliyeninyima. Tuliondoka jua likiwa limepanda, maana mwenyekiti alikuwa na ng'ombe wa kuangalia kwanza. Gari lilikwenda vizuri kama bibi harusi. Fundi alikuwa Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, mwenye gereji nyuma ya maduka, upande wa kuelekea Kamenu, na baba alimwamini kwa sababu hakuwahi kumwambia kitu kimeharibika kama hakijaharibika.

Alifungua boneti. Alimwambia baba akanyage aksileta, kile kikanyagio cha mguu wa kulia kinacholitia gari mbio, kisha aachilie. Akanyage, aachilie. Injini ilipanda ikashuka, ikapanda ikashuka, bila ukaidi wowote. Akaangalia springi inayoirudisha aksileta juu, akaivuta kwa kidole, akaiachilia, ikarudi tap! Akaangalia kabureta. Akaendesha mwenyewe hadi mtoni na kurudi.

"Mzee, hii gari iko mzuri," akasema huku akifuta mikono. "Springi mzuri, kabureta mzuri. Labda mguu ndiyo mbaya?"

Alitania tu, maskini, hakujua alichokuwa anakisema. Mwenyekiti alikohoa akatazama chini. Kufikia jioni neno la fundi lilikuwa limefika kila jiko. Lisemwalo lipo, walisema watu, na sasa lilikuwa limethibitishwa na Kalasinga.

Mimi nina tabia moja ambayo mama alisema itanikosesha mume: siwezi kuacha jambo ambalo halijaeleweka. Linaniwasha. Baba hadanganyi, nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Fundi naye hadanganyi. Basi watu wawili wasiodanganya wamesema maneno mawili yanayopingana, na gari ni lile lile. Lazima kuna kitu katikati yao. Nilianza kumsumbua baba kwa maswali huku nakanyaga cherehani yangu. Ilitokea lini mara ya kwanza? Akasema ni siku aliyokuwa anateremka darajani na viazi, akapita daraja bila kutaka. Na nyingine? Siku ya kupeleka ndizi Thika, alipokaribia kumgonga punda wa watu. Na kanisani.

"Ukirudi je? Imewahi kukukataa ukirudi?"

Alifikiri. "Hapana. Ikirudi iko sawa."

"Basi ni asubuhi tu."

"Ndiyo hiyo wanasema," akanijibu kwa uchungu. "Ati asubuhi ndiyo nimetoka kulewa."

Ilikuwa wakati wa gathano, miezi ile ya baridi ambapo ukungu unatoka mtoni na kukaa juu ya mikahawa mpaka jua liusukume. Vidole vyangu vilikufa ganzi kila asubuhi nikianza kushona. Na ni vidole hivyo vilivyonifungua macho. Zamani kidogo, nilipoishiwa mafuta ya cherehani, niliwahi kutia matone ya mafuta ya kupikia. Mchana cherehani ilizunguka bila taabu. Asubuhi iliyofuata gurudumu lilikuwa zito, nikalisukuma kwa mikono miwili, na lilipoota jua likalegea lenyewe. Fundi wa Thika aliliangalia gari mchana, baada ya safari, injini ikiwa ya moto. Je, nani aliwahi kuliangalia likiwa baridi?

Kesho yake nilitoka nje ukungu ukiwa bado umekaa uani. Sikuliwasha gari, sikujua kuliwasha. Nilifungua mlango wa dereva, nikapiga magoti, nikaisukuma aksileta kwa mkono hadi chini, nikaiachilia. Haikurudi. Ilikaa pale chini kama mtoto aliyenuna. Niliitazama, moyo ukinidunda kwa furaha ambayo mpaka leo sijui kuieleza. Kisha ikaanza kupanda polepole, kwa uvivu, ikichukua muda wake. Nikaisukuma tena. Ikakaa tena. Springi ilikuwa inavuta kweli, kama fundi alivyosema, ila kulikuwa na kitu kinachoishika.

Nilikwenda jikoni nikachukua birika la maji ya chai. Chini ya aksileta kuna chuma kirefu kinachopita sakafuni kwenda kwenye injini, kimeungwa kwa viungo viwili vitatu kama magoti. Niliinua kipande cha sakafu nikamwaga maji ya moto juu ya kiungo cha kwanza. Aksileta iliruka juu yenyewe, tap! kama siku ile ya Thika. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Baba alitoka akiwa na mswaki mdomoni. Nilimwonyesha kiungo cha pili, ambacho sikuwa nimekimwagia maji. Alipiga magoti kando yangu. Pale kwenye kiungo palikuwa na kitu cheupe, kigumu, kimechanganyika na vumbi jekundu. Alikikwangua kwa ukucha akakinusa. Akanipa nami nikanusa. Mtu yeyote aliyezaliwa upande wetu angeijua harufu hiyo hata usingizini. Yalikuwa mafuta ya kondoo.

Tulibaki tumepiga magoti tukitazamana. Nyumbani kwetu hakukupaswa kuwa na mafuta ya kondoo. Hapo zamani yalikuwa kila kitu: yalimpaka mtoto, yalimpaka bibi harusi, yalilainisha ngozi na kamba na bawaba za milango, na yalitumika katika mambo ya mila. Kanisa liliyakataa kwa sababu ya hayo ya mila, na baada ya miaka ile ya viapo vya wapiganaji wa msituni, chochote chenye harufu ya kondoo kilitiliwa shaka mara mbili. Lakini nilikumbuka kwamba aksileta ile ilikuwa na mlio, ulipoikanyaga ililia kama panya aliyebanwa, na mama aliyeketi mbele na mtoto hakuuvumilia. Mlio ulikuwa umekwisha kabla tu baridi haijaanza. Hakuna aliyeuliza umekwishaje. Na nilijua, kama alivyojua baba sasa hivi, kwamba cucu, mama yake baba aliyekuwa hawezi tena kutembea, alikuwa anasuguliwa magoti na mtu kila asubuhi, na magoti hayo yaling'aa.

"Leta parafini," baba akasema.

Niliimimina katika karai, tukasafisha kila kiungo kwa unyoya wa kuku, kisha nikaleta kikopo changu cha mafuta ya cherehani tukatia matone. Aksileta ilipanda na kushuka ikiwa baridi kama jiwe. Mimi nilikuwa nacheka. "Baba, Jumamosi utawaambia! Utawaonyesha!"

"Nitawaambia nini?"

"Kwamba ni mafuta yaliganda!"

"Mafuta ya nani?"

Hapo ndipo kicheko kilinikauka. Nikamwambia aseme ni grisi. Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba grisi haigandi hivyo kwa baridi ya Ruiru, mwenyekiti ana akili, atauliza, na yeye hajaanza kudanganya leo. Halafu, bila kunitazama, akanikumbusha jambo nililolijua: kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe, na sahani yake na yote, alikaa na wazee wakamtenga mjane mmoja kwa sababu ya kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo kilichokutwa chini ya kitanda chake.

"Niliinua mkono," akasema. "Sasa nikawapelekee jina la mama yako?"

Nilikasirika, nakiri. Nilimkasirikia yeye, na wazee, na kondoo. Kujua nilikokutafuta kwa hamu kubwa hivyo hakukuwa na faida. Baba aliamua atakwenda Jumamosi na kunyamaza, na wakisema ni pombe, iwe pombe. Alisema hivyo kama mtu anayepanga safari ya sokoni.

Lakini mama hakuwa mjinga. Aliliona karai, akauona unyoya, akanusa. Alinifuata hadi kwenye cherehani.

"Mlikuwa mnaosha nini?"

Sijui kuficha kitu, na hata nikijua, kwa mama nisingeweza. Nilimwambia yote, tangu birika hadi maneno ya baba kuhusu mjane. Alisikiliza huku amemshika mtoto kiunoni. Mwisho akasema, "Haiya! Kumbe ni mimi nilimlewesha." Akacheka, kicheko kifupi, akarudi jikoni.

Wazee walikutana asubuhi mapema katika chumba cha nyuma ya kanisa. Wanawake hawakuingia humo. Mimi nilikuwa nimesimama nje dirishani, na sikuwa peke yangu, maana hukumu ya mtu mzima ina wasikilizaji wengi. Nilisikia mwenyekiti akimwuliza baba kama ana neno. Baba akasema hana. Ndipo mama akapita katikati yetu, akasukuma mlango bila kubisha, na kuingia.

Alikuwa na kibuyu mkononi. Alitoa kizibo, akakipindua kibuyu juu chini juu ya meza yao, juu ya Biblia na miwani. Watu waliruka nyuma. Hakuna kilichomwagika. Hata tone.

"Mnaona?" akasema. "Imeshika kama udongo. Mukiweka hii kwa jua mpaka saa sita, mupindue tena, itawamwagikia kwa magoti. Hii ndiyo nilipaka gari, kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Sikujua. Huyu mzee hajakunywa kitu."

"Mama," mwenyekiti akasema polepole, "hii ni nini?"

Alikuwa ameinama akinusa, na nikaona kwamba alikuwa ameijua upesi mno kwa mtu aliyeiacha zamani. Nyani haoni kundule.

"Unajua ni nini," mama akasema. "Inasugua magoti ya mama yake huyu mzee. Dawa ya duka haimsaidii."

Baba alikuwa amesimama. Alisema, "Mama watoto, nenda nyumbani," lakini alisema kama mtu anayeomba. Mama hakwenda. Alisubiri hapo hapo, amekishika kibuyu chake, na wazee wakaulizana maswali ya gari: chuma kinapita wapi, kiungo kiko wapi, kwa nini Thika kasoro haikuonekana. Mwenyekiti ndiye aliyewaeleza, na alieleza vizuri, kwa sababu alikuwa ndani ya gari siku ile na alikumbuka jua lilivyokuwa limepanda. Walielewa. Waliona haya kidogo pia. Mmoja wao alimpa baba mkono.

Kisha wakamgeukia mama. Hawakuwa watu wabaya, nimejaribu miaka mingi kuwachukia na nimeshindwa. Walikuwa na sheria na walikuwa na mjane waliyemtenga kwa kitu kile kile, nao hawakuweza kumtazama mjane huyo usoni wakamwacha mke wa mzee. Walisema atatengwa na Meza ya Bwana hadi mwisho wa mwaka. Baba akarudishiwa sahani yake. Mama aliitikia kwa kichwa, akaziba kibuyu, akatoka. Nje aliniambia nikaangalie mtoto ameamka.

Jumapili ya Meza ilifika. Tulikwenda kwa boksibodi, baridi ikiwa kali, na aksileta ilitii kila alipotoa mguu. Nguzo ya geti ilikuwa mpya. Kanisani wanaume waliketi upande wa kulia na wanawake wa kushoto, ndivyo ilivyokuwa, na waliotengwa waliketi nyuma kabisa karibu na mlango. Mama alikwenda nyuma, akaketi kando ya yule mjane. Walisalimiana kwa mkono tu. Mimi niliketi safu ya mbele yao, nimegeuza shingo nusu, maana sikuweza kutulia.

Mkate ulipokwisha kuombewa, wazee walisimama kuchukua sahani. Baba naye alisimama. Mwenyekiti alimnyoshea ya kwake. Baba aliitazama, akamwambia kitu kwa sauti ndogo, akamrudishia. Akageuka. Alitembea katikati ya kanisa, kofia mkononi, viatu vyake vikilia juu ya sakafu ya mbao, na kila mtu alidhani anatoka nje. Alipofika mlangoni hakutoka. Aliingia safu ya nyuma, upande wa wanawake, ambako sikuwahi kumwona mwanamume ameketi.

Mjane alishtuka akasogea. Mama hakusogea. Alimtazama chini hadi juu, kama anavyotazama mtu aliyeingia jikoni mwake na viatu vya matope.

"Hapa ni kwa wanawake," akamnong'oneza, mnong'ono ambao kanisa zima lilisikia.

"Ni kwangu," baba akasema. "Sogea."

Mama akavuta leso yake isikaliwe, akamsogelea mjane, na baba akaketi. Sahani ilikuja hadi safu ya mbele yao, ikafika kwangu. Nikaipitisha bila kuchukua mkate.